Mbwa wa Mama, Sijasahau

S.L.P. 263,
Kalangalala,
GEITA.
14 Septemba, 2025

Mpendwa mdogo wangu Adam,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Habari za huko Chunya? Wifi yangu Rhoda hajambo? Ule mgongo wake umepona, au bado anabeba ndoo mbili kwa mpigo kwa ubishi wake? Na watoto, kile kikohozi kimewaacha? Sisi huku ni mhola duhu, wazima kabisa, ila jua linachoma na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Mvua bado zinatuangalia kwa mbali.

Najua unashangaa, dada ameandika barua ya mkono zama hizi. Nimeandika kwa sababu moja tu: barua huwezi kuikata. Kila nikikupigia na kutaja Geita, tii, umekata. Mwezi wa sita nilitaja tu kwamba nyanya za Geita zimepanda bei, ukakata! Basi hii nampa kondakta wa basi mkononi, anaifahamu gereji yako, atakukabidhi. Kaa chini uisome mpaka mwisho. Ukiichana katikati nitajua, nakufahamu tangu unanyonya.

Shemeji yako Wiliam yupo, bado analo lile lori lake. Mwezi huu wote ameshinda Isaka akisubiri mzigo wa kwenda Kigali, anapika maharage chini ya tela na wenzake. Wiki iliyopita alikuja siku mbili, akala, akakoroma, akasema mbwa ananuka, akaondoka. Nimemwambia na yeye ananuka dizeli na hakuna anayemwitia bwana mifugo.

Mpwa wako Nelly alimaliza kidato cha nne, sasa anafanya kazi kwenye kibanda karibu na stendi, anawawekea watu muvi na nyimbo kwenye flashi. Amekuwa mrefu kunizidi. Ana kiburi chako na masikio ya Mama.

Sasa nije kwa mbwa. Wewe mambo haya unayajua, lakini acha niyaandike yote ili Rhoda naye asome, maana najua hujawahi kumweleza sawasawa. Rhoda wifi yangu, sogea hapa.

Mwaka 2011 mume wako alikuwa analinda mawe ya dhahabu juu ya duara, lile shimo la machimbo, la Mzee Amosi, huyu jirani yetu wa upande wa ua wa minyaa. Siku moja kiroba kimoja hakikuonekana, tena kile kilichobeba mwamba mzuri kuliko vyote. Mzee Amosi hakuuliza mara mbili. Yowe likapigwa, watu wakakusanyika uwanjani mbele ya mashine ya kusaga, saa tisa mchana, naye akasimama akasema kwa lile sauti lake la kuitia watu shimoni, "Aliyekuwa analinda ndiye aliyeiba." Basi, kesi imekwisha. Sungusungu wakampa mpaka jua lizame awe ameondoka, na atakayemsalimia naye atengwe. Adam alipita mbele ya Mama na begi lake mgongoni, na Mama hakuruhusiwa hata kumpa mkono. Alibaki amekunja kanga yake kifuani anamwangalia mwanawe mpaka alipopotea. Nilikuwa nimemshika mgongoni.

Wiki ileile Mama akatafuta mbwa. Alimpata mdogo, mweusi, kifua cheupe, tumbo limejaa minyoo. Na unajua kwetu jina la mbwa ni ujumbe wa jirani. Huwezi kumsimamisha mtu mzima njiani ukamwambia yaliyo moyoni, utaitwa barazani. Lakini mbwa wako ni wako, una haki ya kumwita, na hakuna mwenyekiti atakayekuuliza. Yule mama wa mashine alimwita wake Watachoka, na wanaohusika wanajijua. Mama yetu Apolonia akamwita wake Sijasahau.

Kila jioni, jua likiwa bado lipo na watu bado wako nje, Mama alisimama mlangoni, akageukia minyaa ya Mzee Amosi, akaita, "Sijasahau! Sijasahau weee!" Mbwa mwenyewe yuko miguuni pake anamshangaa. Anaita tena. Miaka mitatu aliita hivyo, mpaka alipolala asiamke. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, mbwa asilale hajaitwa." Hayo ndiyo maneno aliyoniachia. Wengine wanaachiwa mashamba.

Nimeita, Adam. Nimeita na mvua, nimeita na mimba iliyoharibika, nimeita siku ya kipaimara cha Nelly wageni wakiwa mezani. Siku nilipolala na malaria nilimtuma Nelly, akaita kwa sauti ya kinyonge kama anaomba chumvi. Nilimrudisha nje akaite upya.

Sasa mbwa amezeeka. Macho yamekuwa meupe, meno yamebaki mawili na hayakutani, masikio hayasikii kitu. Anakula ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa, nausaga kwa vidole. Akitaka kulala anazunguka mara kumi na mbili, anasahau alikuwa anafanya nini, anaanza tena. Anajigonga kwenye mlango uliokuwa hapo miaka yote. Nikimwogesha ananiegemea na kichwa chake chote, na mimi, kwa jinsi nilivyo na roho ngumu, hapo ndipo nashindwa. Tarehe 23 Agosti alianguka uani, bwana mifugo akaja akampima, akasema wiki mbili, tena kama ni bahati. Leo ni wiki ya tatu. Mbwa wa Mama hafuati maneno ya bwana mifugo.

Acha nikuambie kuhusu muvi kwanza, kwa sababu zinahusika.

Jumapili baada ya kanisa ni siku ya muvi hapa kwetu. Nelly anakuja na flashi imejaa, zile za nje zilizowekewa sauti na madijei wa Kiswahili. Sina mbavu! Kuna dijei mmoja akitafsiri, jambazi wa Kichina anaitwa Masanja na anadaiwa ng'ombe wa mahari. Mimi mapenzi sitaki. Mtoto wa watu analia barabarani na mvua inanyesha, halafu iweje? Mimi nataka kisasi. Nelly anajua, akiingia mlangoni namuuliza, "Hii ina kisasi?" Kama haina, aiangalie kwake na shoga zake.

Tuliona moja ya Kihindi, askari anatafuta waliomfunga kaka yake kwa uongo. Anapiga watu arobaini peke yake, shati jeupe, halina hata doa. Nikasema huyu hajui kisasi, kisasi kina jasho. Lakini mwezi wa tatu tuliona moja ya Kikorea, Adam, hiyo ilinikalia moyoni. Mama mmoja, mume wake ameuawa na tajiri. Anakwenda kuomba kazi ya upishi kwa huyohuyo tajiri. Miaka kumi na miwili anampikia. Tajiri siku moja anagundua mpishi wake ni nani, lakini hawezi kumfukuza, kwa sababu akimfukuza itabidi aeleze kwa nini. Basi kila sahani anayowekewa anaiangalia. Nelly alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mimi nimesahau mboga jikoni.

Na Mzee Amosi naye alikuwa anaangalia. Hilo hujui. Duara lake lilijaa maji siku nyingi, mke wake alifariki, vumbi la mawe limemla kifua, anapumua kwa filimbi. Runinga yake iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Basi Jumapili anabeba stuli yake, anaisogeza mpaka kwenye minyaa mahali palipo wazi, anaangalia kupitia dirishani kwetu. Hasemi. Haombi. Anakaa tu na kofia yake.

Ulifikiri nitafunga dirisha? Thubutu! Niligeuza runinga ikamtazama vizuri. Nikapandisha sauti. Namwachia aone mwanzo, aone katikati, ajue nani kamfanyia nani nini. Ikibaki dakika kumi tu, pale mwenye kisu na mwenye kosa wamekutana uso kwa uso, nainuka taratibu, navuta pazia, napunguza sauti. Miaka minne, Adam. Miaka minne yule mzee hajaona mwisho wa muvi hata moja. Nilikuwa nasikia stuli inakokotwa kurudi kwake, krr krr krr, na moyo wangu unaburudika kama nimekunywa maji ya mtungi. Siku moja alikwenda mpaka kibandani kwa Nelly, akajifanya anaulizia betri, kisha akasema kwa chini, "Yule mpishi, alimpa sumu au hakumpa?" Nelly alinipigia simu kwanza kuuliza kama namruhusu. Nikamwambia ukimjibu utakula kwa jirani.

Aibu sina. Alimfukuza mdogo wangu mbele ya mama yangu. Mwisho wa muvi ulikuwa kitu kidogo.

Sasa shika barua vizuri.

Unamkumbuka Donatus. Yule aliyekuwa analeta nyama machimboni kwa baiskeli, tenga nyuma, mlikuwa mnataniana kila siku. Mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka alifungua bucha hapa mbele yetu, ng'ambo ya barabara, na sisi tukamfurahia, jirani mcheshi. Kila Jumamosi, miaka yote hii, amemletea mbwa mifupa. Hakukosa hata moja. Nilikuwa namsifia kwa watu, nasema katika mtaa huu mwenye utu ni Donatus peke yake. Mama alipofariki alilia kuliko mimi, na jeneza alilibeba yeye, upande wa kichwa.

Hiyo tarehe 23 Agosti ilikuwa Jumamosi. Bwana mifugo ameshaondoka, mbwa amelala kwenye gunia uani, mbavu zinapanda na kushuka. Nikasema kama anakufa, hatakufa hajaitwa. Nikapiga magoti nikamwita kama Mama alivyokuwa akiita, kwa nguvu zangu zote, mara tatu, mara nne. Nikainua kichwa, Donatus amesimama getini na mfuko wake wa mifupa.

Akasema, "Mama Nelly, inatosha."

Nikamwambia mbwa ni wangu na sauti ni yangu.

"Najua," akasema. "Miaka kumi na minne najua. Mama yako alijua, wewe unajua, mkaamua kuniita tu kila jioni. Ningefungwa ningekuwa nimeshatoka. Sasa hata mbwa anakufa. Mnataka nini kwangu?"

Mimi sikuwa najua chochote! Jina lile lilikuwa la Mzee Amosi, Mama aligeukia minyaa, mimi nikageukia minyaa. Lakini sauti haina ukuta, ilikuwa inavuka barabara, inaingia bucha, na aliyekuwa na lake moyoni akaichukua. Kila jioni alikuwa anajua ni yeye anayeitwa. Kumbe mifupa ile ilikuwa ya kuninyamazisha, na mimi nilikuwa nasema asante!

Nilikuwa karibu kupiga kelele, lakini uso wangu haukubadilika. Labda ni zile muvi. Nilivuta stuli nikamsogezea, nikamwambia, "Kaa. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Akasema yote. Mchana ule alifika na baiskeli, wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji ya kunywa kwenye pipa, hatua ishirini. Alibeba kile kiroba, akakitia chini ya tenga, akakifunika na utumbo. Nani angepekua utumbo una nzi? Akakupita palepale kwenye pipa, akakuambia jioni atakuwekea maini. Na wewe sungusungu walipokuuliza barazani nani alipita, ukasema hakupita mtu. Mdogo wangu! Mwuza nyama anapita kila siku mpaka mnasahau kumhesabu kuwa ni mtu. Alikuwepo barazani, alisimama nyuma, alikuona unaondoka na begi. Alikuona wewe, akamwona Mama, akanyamaza.

Nikamuuliza swali moja tu, kama alipolibeba jeneza la Mama lilikuwa zito. Akainuka. Alipoondoka nilikaa chini vumbini kando ya mbwa nikalia kwa hasira mpaka Nelly akanikuta. Jeneza, Adam. Upande wa kichwa!

Kesho yake Donatus akanitumia wazee. Walikuja na mtamba mwenye afya na kibuyu cha maji, wakasema tufanye kile cha wazee wetu, kila mmoja achukue maji kinywani, ayateme chini, maneno yaishe ndani ya ua, watoto wasisikie. Nikawakaribisha, nikawapa chai na viazi, nikawaambia mtamba wamrudishe akale majani ya kwao. Mdogo wangu hakusemwa ndani ya ua. Alisemwa mbele ya mashine, saa tisa, jua kali, akiwa amesimama. Maji nitayatema Donatus akishasema palepale, saa ileile, naye amesimama. Mzee mmoja akasema, "Binti, una roho mbaya." Nikamwambia ameniona vizuri.

Donatus akakubali, ikawa Jumatano, tarehe 27. Watu walijaa kuliko mkutano wa kampeni. Waliokuwepo mwaka ule walikuwepo, na wengine waliozaliwa juzi tu walikuja kwa sababu ya kusikia. Mwenyekiti wa mtaa akaomba Donatus aseme amekaa, kwa kuwa ana presha. Nikasema Adam alisimama. Akasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Kiroba nilichukua mimi. Adam hakuiba. Nilinyamaza." Nikasema walio nyuma hawajasikia. Akarudia. Nikasema bado. Akarudia mara ya tatu, kwa sauti, na shati lake limelowa lote. Kanga ya Mama nilikuwa nimejifunga kiunoni, ileile.

Vijana wakaanza kupiga kelele bucha ichomwe. Hapo nikapanda kwenye ngazi ya mashine nikasema atakayegusa bucha ile amenigusa mimi. Wakafikiri nina huruma, mama mmoja akanipigia makofi. Huruma iko wapi? Ikichomwa ataondoka. Ataenda mji mwingine, ataitwa mjomba na watoto wasiomjua, atapumua. Kuondoka ni nafuu, na nafuu simpi. Nataka abaki, apime nyama mchana, watu wamwangalie mikono.

Mkuu wa sungusungu akasimama akatangaza mbele ya wote: Adam ni mtu safi, na atakayelitaja jina lake pamoja na neno wizi atatengwa yeye. Nimeandika kama alivyosema. Soma tena mara mbili, mdogo wangu, hata mara kumi. Maji nimeyatema, kwa sababu niliahidi. Yalikuwa maji tu.

Mzee Amosi naye alikuwepo, amejishikiza kwenye nguzo. Akataka kusema. Lile sauti halipo tena, ilitoka filimbi. Akasema, "Siku ile nilisema kwa nguvu bila kuuliza. Leo nataka kusema, nguvu sina," akaingiwa na kikohozi, akaondoka akijikokota. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilifurahi mpaka usiku huo nilipopata kukumbuka kwamba sauti yangu na ya Mama zilimwendea yeye kwanza kila siku, na kosa lake lilikuwa ujinga na haraka, halikuwa wizi. Simsamehi. Lakini Jumapili iliyofuata pazia niliacha wazi mpaka mwisho, na majina yakapanda yote. Hakuja. Minyaani hapakuwa na stuli. Nilikasirika sana, yaani siku naacha wazi ndiyo siku anajifanya ana shughuli!

Jumapili iliyofuata akaja, lakini hakuja minyaani, alipita getini, amevua kofia. Nikafikiri anakuja na hotuba. Akasema, "Mama Nelly, jina la mbwa nilijua ni langu. Na bado ni langu, hata sasa. Sikuja kwa hilo." Akatafuta pumzi. "Yule mpishi. Alimpa sumu au hakumpa?"

Loo, Adam! Mtu ameulizia hilo tangu mwezi wa tatu. Nikamwambia hakumpa. Siku ya mwisho alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, akatoka. Na yule tajiri akabaki na chakula mbele yake, hawezi kukila, na cha mtu mwingine yeyote hawezi kukila tena. Mzee Amosi akaizungusha kofia yake mkononi. Kisha akasema, "Huyo alimmaliza." Nikamwambia akae ndani, stuli ya nje ina kunguni. Amekaa. Chai nilimpa haina sukari ya kutosha, makusudi.

Donatus bado analeta mifupa. Alifikiri yameisha, Jumamosi ya kwanza hakuja. Nilivuka barabara nikasimama mbele ya wateja wake nikamuuliza, "Mbwa amekukosea nini?" Tangu siku hiyo analeta, saa nne asubuhi, kwa mguu, mtaa wote ukiwa nje. Mbwa meno hana, mifupa inaozea kwenye ndoo namwaga shimoni. Ataendelea kuleta. Na jioni nikimwita mbwa, siku hizi nimegeuka, minyaa naipa mgongo, naangalia barabara.

Sasa wewe. Sikuombi, nakuagiza. Utakuja kabla ya mvua. Upande basi la mchana, na ukishuka stendi usipande bodaboda, sitakuja kukupokea, na Nelly nimemkataza. Uje kwa miguu, taratibu, barabara ile kubwa, umevaa shati zuri, Rhoda upande wa kulia na watoto mbele. Wasalimie wote, wote sasa watakusalimia. Ukifika bucha, simama. Agiza nusu kilo ya maini. Usimwambie neno. Mwangalie tu anavyokata, anavyopima, anavyofunga, halafu ulipe bei kamili na useme asante. Hayo maini alikuahidi. Kisha uvuke, Sijasahau yuko hapa mlangoni, macho hana lakini pua bado inafanya kazi. Kaburi la Mama tutakwenda pamoja kesho yake, nimelipalilia upande utakaosimama wewe.

Ukisema huwezi, ukisema yamepita, nitapanda basi mimi nije Chunya nikupige mbele ya mafundi wako. Nina miaka hamsini na mbili na mkono bado ni uleule.

Wifi yangu Rhoda msalimie sana, mwambie kitenge chake kipo. Watoto wapakate kila mmoja kwa niaba yangu. Shemeji yako Wiliam anawasalimu kutoka Isaka, na Nelly anauliza huko mnatazama muvi gani. Mungu awalinde njiani, na Mama aliko awaone mkishuka.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye hata unapokata simu,

Mageni

Nyongeza, Jumanne tarehe 16.

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Sijasahau amefariki leo asubuhi kwenye gunia lake, Nelly akiwa anamwekea maji. Alizunguka mara moja tu, akalala. Nimelia, sitakuficha.

Mzee Amosi ndiye aliyemchimbia, nyuma ya jiko kando ya minyaa, mahali ambapo mtu wa barabarani haoni. Alikuwa anapumzika kila majembe matatu, akanikatalia nisimsaidie. Tulipomfukia nikamwambia, "Mzee, jambo hili lisivuke minyaa." Akasema, "Halivuki."

Donatus hajui. Jioni hii, jua likiwa bado lipo, nimesimama mlangoni, nimegeukia barabara, nimeita mara tatu kwa sauti ya Mama. Alikuwa anamkatia mtu mbavu, na kisu kikamtoka mkononi. Jumamosi ataleta mifupa, na mimi nitaipokea.